Megawati Tumezisikia, Mgao wa Jamii Uko Wapi?

Kila mwaka sheria humtaka gavana asimame mbele ya bunge la kaunti na kueleza hali ya kaunti yake. Sheria yenyewe ni ile ya Serikali za Kaunti ya 2012, na nakihesabu kifungu hicho kuwa miongoni mwa matunda bora ya ugatuzi, kwa kuwa kinamlazimisha kiongozi kutoa hesabu hata katika mwaka ambao hana kura ya kuomba. Anayezifuata hotuba hizo anaujua mpangilio wake. Huanza na mapato: ushuru wa masoko, ada za maegesho, vibali vya biashara, pamoja na malalamiko kwamba Hazina ya Kitaifa imechelewesha mgao. Zinafuata barabara zilizochongwa, visima vilivyochimbwa, zahanati zilizofunguliwa, wanafunzi waliopata basari, vikundi vya akina mama vilivyokabidhiwa hundi. Siku hizi imeongezeka sehemu nyingine, na katika kaunti za kaskazini na za Bonde la Ufa ndiyo inayopigiwa makofi kuliko zote. Ni sehemu ya kawi safi. Megawati hutajwa, wawekezaji hutajwa kwa majina, na kaunti husifiwa kuwa kitovu cha umeme wa upepo, wa jua au wa mvuke.

Madiwani nao huichukua habari hiyo hadi wadini. Kwenye baraza, kati ya tangazo la chanjo ya mifugo na la fomu za basari, wananchi huambiwa kwamba kampuni imejenga madarasa, imeleta tangi la maji, imeajiri vijana wa ulinzi. Watu hushukuru, na hawakosei, maana darasa ni darasa na mtoto aliyekuwa akisomea chini ya mti sasa ana paa. Lakini huo ni msaada. Anayetoa msaada anaweza kutoa mwaka huu na mwaka ujao akasema fungu limekwisha, na hakuna mahakama itakayomhoji. Kile ambacho ni nadra kukisikia katika taarifa hizi ni haki ya jamii: kile inachostahili kwa mujibu wa sheria kwa sababu ardhi ni yake. Nami nashikilia kwamba kiongozi wa kaunti anayetutajia megawati bila kututajia hati ya ardhi na mgao wa jamii hajatoa taarifa ya uchumi. Ametusomea matangazo ya kampuni.

Nasema haya nikiwa shabiki wa kawi safi, si mpinzani wake. Kenya ina cha kujivunia. Takriban asilimia 90 ya umeme unaotumika nchini hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, kiwango ambacho mataifa mengi tajiri bado yanakikimbiza. Mtambo wa kwanza wa mvuke kule Olkaria, karibu na Naivasha, uliwashwa mwaka 1981 ukizalisha megawati 15, na leo mvuke ndio unaobeba sehemu kubwa ya umeme wetu kuliko chanzo kingine chochote. Mwaka 2019 jopo la mazingira lilipofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Lamu, sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi na wakulima wa Lamu walitufundisha kuwa mradi wa umeme unaweza kuanguka kwa kumdharau jirani yake. Somo hilo tulilitumia kwa makaa ya mawe. Kwa upepo tumelilegeza, kana kwamba usafi wa kawi unausafisha pia mchakato wa kuipata ardhi.

Hebu tufike Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana. Upepo hupita kwa nguvu kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, usiku na mchana, karibu mwaka mzima. Wafugaji wa Kirendille, Wasamburu, Waturkana na wavuvi wa El Molo wameishi nao kwa vizazi. Nyumba zao ni za duara, za chini, zilizofungwa imara zisipeperushwe. Mahali hapo ndipo palipojengwa mitambo 365 ya Lake Turkana Wind Power yenye uwezo wa megawati 310, mradi mkubwa kuliko yote ya aina yake nchini. Wakopeshaji waliongozwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Benki ya Dunia ilikuwa imejitoa mwaka 2012 kwa wasiwasi kwamba Kenya ingefungwa na mkataba wa kulipia umeme hata usipoutumia. Wasiwasi huo haukuwa wa bure. Mitambo ilikamilika kabla ya waya wa kuusafirisha umeme wake, laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, na serikali ikajikuta inadaiwa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwa na pa kupita. Umeme wa upepo uliingia kwenye gridi ya taifa Septemba 2018, na Julai 2019 Rais Uhuru Kenyatta akauzindua mradi rasmi.

Laini hiyo iliyatoa Loiyangalani mamia ya megawati kwenda kusini. Kwa miaka baada ya hapo, mji wa Marsabit, makao makuu ya kaunti yenyewe, uliendelea kutegemea jenereta za dizeli. Lori la mafuta lilikuwa likipanda kaskazini huku umeme wa upepo ukishuka Suswa. Wahandisi wana maelezo yao, nami nayaelewa: laini ya kilovolti 400 haiwezi kuchomolewa waya kila penye kijiji, kunahitajika vituo vya kupunguza nguvu na vituo hivyo ni ghali. Sawa. Lakini laini hiyo ilipangwa, ikachorwa na kugharimiwa kwa fedha za umma. Aliyeichora alijua Marsabit iko wapi. Kama viongozi wa eneo hilo wangelikuwa mezani wakidai kituo cha kupunguza umeme tangu siku ya kwanza, gharama yake ingekuwa sehemu ndogo sana ya fidia tuliyolipa kwa kuchelewa.

Tuje sasa kwenye ardhi, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Mwaka 2007, kabla ya ugatuzi, Baraza la Kaunti ya Marsabit la wakati huo liliitenga ardhi ya ekari 150,000 kwa ajili ya mradi huo. Ilikuwa ardhi ya udhamini, maana yake baraza lilikuwa limeishikilia kwa niaba ya wenyeji. Haikuwa mali ya madiwani. Sheria iliweka hatua za kufuata: wenyeji waarifiwe, wasikilizwe, fidia ijadiliwe. Wawakilishi wa jamii walikwenda mahakamani mwaka 2014 wakisema hatua hizo zilirukwa. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru ilikubaliana nao. Ilisema hati za ardhi hiyo zilitolewa kinyume cha utaratibu, ikaipa serikali ya kaunti na idara husika mwaka mmoja kurekebisha, la sivyo hati zifutwe. Mwaka ukapita. Walioshtakiwa waliporudi kuomba muda zaidi, mwaka 2023, mahakama iliwakatalia.

Ningependa kila diwani nchini auelewe uamuzi huo wa Meru neno kwa neno. Waliokosea 2007 walikuwa viongozi wa mashinani. Wizara iliyo Nairobi ilikuwa na sehemu yake, mwekezaji alikuwa na yake, lakini kalamu iliyotenga ardhi ilishikwa na baraza la wenyeji wenyewe, watu waliochaguliwa na wafugaji hao hao. Na waliopewa mwaka mzima kurekebisha kosa hilo ni pamoja na serikali ya kaunti, hii tuliyoiunda kwa katiba mpya ili mambo kama haya yasijirudie. Je, katika mwaka huo wa kurekebisha, ni vikao vingapi vya jamii viliitishwa? Kilizungumzwa nini? Mkataba gani ulipendekezwa? Hayo ndiyo yaliyostahili kuwa ukurasa wa kwanza wa hotuba ya hali ya kaunti.

Kampuni, kwa haki yake, haikukaa bure. Imeikarabati barabara ya takriban kilomita 208 kutoka Laisamis, na kupitia wakfu wake imejenga madarasa na zahanati na kuchimba visima. Lori linalobeba mbuzi kwenda sokoni linafika haraka zaidi kuliko zamani, na mama mjamzito aliyezidiwa usiku ana njia ya kupitishwa. Nani atayabeza hayo? Ila barabara ilihitajika kwanza kwa ajili ya kupitisha mapanga ya mitambo na minara yake, na ingejengwa hata kama hakuna mfugaji mmoja njiani.

Sasa linganisha na Kipeto, kaunti ya Kajiado, si mbali na Nairobi. Huko kuna mitambo 60 yenye uwezo wa takriban megawati 100, iliyoanza kuuza umeme mwaka 2021. Upepo ni ule ule, teknolojia inafanana, mteja ni kampuni ile ile ya usambazaji umeme. Tofauti ni karatasi. Familia za Kimaasai za Kipeto zilikuwa na hati miliki za mashamba yao. Mwekezaji alilazimika kubisha hodi boma kwa boma na kutia saini mkataba wa ukodishaji na kila mwenye shamba. Wenye ardhi hulipwa kodi, na tena hupata sehemu ya mapato ya umeme. Amana ya jamii inamiliki asilimia 5 ya hisa za kampuni. Nyumba za kudumu zilijengwa kwa familia zilizokodisha ardhi. Ng'ombe bado wanalisha chini ya mitambo. Hata tai wa eneo hilo wamewekewa mpango wa kuwalinda wasikatwe na mapanga, jambo ambalo mjini huenda likaonekana dogo, lakini mfugaji anajua tai wakitoweka ni nani atakayesafisha mizoga.

Mwenye hati alipata mkataba. Asiye na hati alipata msaada. Sioni maelezo mengine yanayoeleza vizuri zaidi tofauti ya Kipeto na Loiyangalani. Wasamburu na Warendille hawana haki pungufu kuliko Wamaasai wa Kajiado, wala mwekezaji wa kaskazini si mtu mbaya kuliko wa kusini. Mwekezaji hulipa pale sheria inapomwambia alipe, na humlipa yule ambaye sheria inamtambua.

Kinangop, kaunti ya Nyandarua, ni mfano wa tatu, na huo ni wa uchungu. Mradi wa megawati 60 ulikuwa na fedha na vibali. Wakulima waliukataa, kwa hofu ya ardhi, ya afya na ya kudhulumiwa. Kukawa na maandamano, maisha yakapotea, na mwaka 2016 mradi ukafa. Baadhi ya hofu zile zilikuwa uvumi, na baadhi zilichochewa na wanasiasa. Lakini uvumi hustawi mahali ambapo hakuna aliyewaeleza watu mkataba unasemaje.

Sheria zetu zenyewe zinachangia. Katiba ya 2010 inaitaka dola ihakikishe manufaa ya maliasili yanagawanywa kwa haki, na inaliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha uwekezaji katika mali unazifaa jamii za mahali ulipo. Bunge limefanya kazi hiyo nusunusu. Kwa madini, Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Kwa mafuta, Sheria ya Petroli ya 2019 inasema 75, 20 na 5. Kwa mvuke, Sheria ya Kawi ya 2019 inasema vivyo hivyo: 75, 20 na 5. Kwa upepo na jua, hakuna. Mswada wa jumla wa ugavi wa manufaa ya maliasili umekuwa ukizunguka katika Seneti na Bunge la Kitaifa tangu 2014, unaletwa, unakwama, unaletwa tena na jina jipya la mwaka.

Na hata pale penye mgao, hebu tuupigie hesabu, maana asilimia zinaweza kumpumbaza mtu. Mrabaha wa mvuke kwa miaka kumi ya kwanza ni kati ya asilimia 1 na 2.5 ya thamani ya mvuke unaotoka kisimani. Chukua mvuke wa thamani ya shilingi milioni 100, na uweke kiwango cha juu kabisa. Mrabaha ni shilingi milioni 2.5. Kaunti inapata shilingi 500,000. Jamii, asilimia 5 ya mrabaha huo, inapata shilingi 125,000. Kwa kiwango cha chini inapata shilingi 50,000. Kwa kila milioni 100. Jamii yenyewe ni ile iliyohamishwa Olkaria mwaka 2014 kupisha mitambo, ikapelekwa makazi mapya, na malalamiko yake yakalazimu upatanishi ulioishirikisha Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Baada ya miaka kumi kiwango cha mrabaha hupanda hadi kati ya asilimia 2 na 5, lakini fungu la jamii ndani yake halibadiliki. Sielewi ni nani aliyeamua kwamba aishiye juu ya madini anastahili asilimia 10 na aishiye juu ya mvuke anastahili nusu yake. Mbunge wa Naivasha, seneta wa Nakuru, diwani wa wadi iliyo jirani na visima: hao ndio wa kulieleza hilo kwa wapiga kura wao, kwa tarakimu, siyo kwa sifa za megawati.

Hoja ya kwanza ya wanaopinga mgao wa upepo ni bei. Wanasema umeme wa Kenya tayari ni ghali, na mrabaha utaishia kwenye tokeni ya mlalahoi. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa uzito, kwa sababu umeme kweli ni ghali. Mwananchi anayenunua stima ya shilingi 500 hupokea ujumbe kwenye simu: tarakimu 20 za kubonyeza kwenye mita, kisha mchanganuo. Fedha zilizonunua stima yenyewe ziko kwenye mstari mmoja; kwenye mistari mingine kuna gharama ya mafuta, marekebisho ya thamani ya fedha za kigeni, mfumuko wa bei, tozo ya mamlaka ya kudhibiti kawi, tozo ya asilimia 5 ya kusambaza umeme mashambani, tozo ya maji, na ushuru wa VAT wa asilimia 16. Usomeni ujumbe huo vizuri. Maji yanayozungusha mitambo ya mabwawa yana tozo yake, inayokwenda kwa mamlaka ya rasilimali za maji. Kudhoofika kwa shilingi kuna mstari wake, kwa kuwa tumetia saini mikataba ya umeme kwa fedha za kigeni, ule wa Ziwa Turkana ukiwa kwa yuro. Wafugaji ambao malisho yao yamesimamishwa mitambo 365 hawana mstari.

Wala si lazima waongezewe mstari. Serikali inayokusanya VAT kwenye kila uniti ya upepo inaweza kuelekeza sehemu ndogo ya fedha hizo kule upepo unakotoka. Kwa mikataba mipya, mwekezaji akiujua mrabaha mapema ataupigia hesabu anapoomba zabuni, kama anavyoipigia hesabu riba ya benki. Na kama kweli tunahofia gharama, tuanze na zile fidia za kulipia umeme usiopata waya. Mrabaha wa asilimia 1 haukaribii hasara ile.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, na husemwa kwa sauti ya chini: fedha zikifika kaunti zitaliwa. Siwezi kuwalaumu wanaoisema. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoka kila mwaka na kila mwaka zina kurasa za miradi iliyolipiwa isiyokamilika. Kwale, jamii zilizoishi kando ya mgodi wa titani ziliisubiri asilimia yao 10 kwa miaka huku meli zikipakia mchanga wa madini bandarini. Kwa hiyo napendekeza fungu la jamii lisipite kwenye akaunti kuu ya kaunti hata siku moja. Liende kwenye amana ya jamii yenye wadhamini waliochaguliwa na mkutano wa jamii, hesabu zake zibandikwe kwenye ofisi ya chifu na kusomwa kwenye baraza, na zikaguliwe na mkaguzi yule yule anayeikagua kaunti. Gavana abaki na fungu la kaunti, ambalo ni kubwa mara nne kwa hesabu ya mvuke, na alitolee maelezo kando.

Ipo hoja ya tatu ambayo wanasiasa wa eneo hawapendi kuigusa: jamii ni ipi? Loiyangalani haina kabila moja wala ukoo mmoja. Kiangazi kikikolea, mifugo hutoka Samburu na kwingineko kufuata malisho, mvua zikinyesha hurudi. Ajira za kampuni zilipoanza kutolewa, kila upande ulihesabu ni wangapi wa kwao waliopata. Pasipo sheria, anayeamua jamii ni ipi ni mwenye cheo, na mwenye cheo hutazama waliompigia kura. Hapa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ina msaada mkubwa kuliko tunavyoutumia. Inaitaka jamii ijiandikishe, iwe na orodha ya wanachama na kamati iliyochaguliwa, na inasema mkataba wowote wa uwekezaji katika ardhi yake lazima uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo katika mkutano wao. Theluthi mbili! Si sahihi ya mzee mmoja aliyealikwa hotelini. Kwa mfugaji anayehamahama, mipaka ya usajili ina hatari zake, na ningetaka haki ya malisho ya kiangazi iandikwe ndani ya usajili wenyewe badala ya kuachiwa hisani ya majirani. Lakini kungoja mpaka ugomvi wote wa mipaka uishe ni kuiacha ardhi nzima bila mwenyewe.

Na hapo ndipo jukumu la kiongozi wa kaunti linapokuwa zito kisheria, siyo kimaadili tu. Mpaka jamii isajiliwe, ardhi yake inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa udhamini. Kaunti hairuhusiwi kuiuza wala kuigeuza mali ya mtu binafsi, na fidia yoyote inayolipwa kwa ajili ya ardhi hiyo inapaswa kuhifadhiwa kwa niaba ya wenyewe. Gavana wa Marsabit, wa Turkana, wa Samburu, wa Garissa, kila mmoja ni mdhamini. Mdhamini hutoa hesabu kwa wale anaowashikia mali. Usajili umekwenda polepole mno kote kaskazini, na kaunti isiyosukuma usajili inaendelea kuishikilia ardhi yenye thamani inayopanda kila mwekezaji mpya anapokuja na vipimo vya upepo. Sitaki kumdhania mtu ubaya. Nataka idadi: jamii ngapi zimesajiliwa mwaka huu, ngapi zimekwama na kwa nini, maafisa wa ardhi wametengewa mafuta ya gari kiasi gani kufika huko.

Katiba imezipa kaunti kazi ya usambazaji wa umeme na usimamizi wa kawi katika ngazi yao, na Sheria ya Kawi inaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa kawi. Kaunti 14 za pembezoni, Marsabit ikiwemo, ziliwekwa kwenye mradi wa umeme wa jua usiotegemea gridi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu 2017. Huo ndio umeme ambao mama wa manyatta anaweza kuugusa: paneli yenye upana wa sinia juu ya paa, taa mbili, tundu la kuchajia simu. Ni kitu kidogo, na nakithamini kuliko minara 365, kwa sababu mtoto wake anasomea taa hiyo jioni na mafuta ya taa hayamkaushi tena macho. Hotuba ya gavana ingefaa ianze na nyumba hizo: ni ngapi zimewashwa, ngapi zimeharibikiwa betri na hakuna fundi, zahanati zipi zina friji ya chanjo inayofanya kazi usiku, pampu zipi za visima zimehama kutoka dizeli kwenda jua na kaunti imeokoa kiasi gani cha mafuta. Huo ni uchumi. Kaunti zote 47 zinagawana shilingi bilioni 415 katika mwaka wa fedha wa 2025/26, na kila mmoja wetu amesikia magavana wakisema hazitoshi. Pengine hazitoshi. Basi tuonyesheni kwamba mnakijua kila chanzo kilichopo nyumbani, na kwamba mmekidai.

Tutakwenda debeni Agosti 2027. Wagombea watafika Loiyangalani, Laisamis, Naivasha, Kajiado na Garissa, na wote watasema wanapenda kawi safi, kwa kuwa siku hizi hakuna anayeipinga. Waulizwe kama wataupigia debe mswada wa mrabaha wa upepo na jua Nairobi, na kwa asilimia gani. Waulizwe kama wataiweka mikataba ya ardhi hadharani, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, kabla ya kutiwa saini. Mkataba wa kuuza umeme wa Ziwa Turkana ni wa miaka 20, na mwishoni mwa miaka ya 2030 serikali na mwekezaji watarudi mezani kujadili kama utaongezwa na kwa bei gani. Miaka iliyobaki inatosha kuzisajili jamii za eneo hilo, kuchagua wadhamini wao na kuwatafutia mawakili, mradi kazi ianze na bunge la kaunti lijalo. Safari hiyo kiti cha jamii mezani kisiwe cha mgeni mwalikwa. Kiwe cha mwenye ardhi, na hati yake iwe mkononi.